Nani Anaweza Kungoja Mnada?

Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, mnada wa korosho katika mikoa ya Mtwara na Lindi ulikuwa shughuli ya hadharani hasa. Wanunuzi walitumbukiza barua za zabuni kwenye sanduku, sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima, kisha mtu mmoja akasimama na kusoma kwa sauti: kampuni fulani, tani kadhaa, shilingi kadhaa kwa kilo. Bei ikiwaridhisha wenye mali, ilipigiwa makofi. Isipowaridhisha ilizomewa, na zipo siku wakulima waligoma kuuza wakarudi makwao na hasira zao. Tangu msimu wa 2024/25 sanduku limepumzishwa. Zabuni sasa zinashindanishwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na mkulima anatazama tarakimu zikipanda kwenye skrini. Utamu wa kuzomea umepungua, lakini hamu ni ileile: leo imefika ngapi?

Bei hiyo ndiyo inayotangazwa redioni jioni, ndiyo wanasiasa wanayoitaja jukwaani, na ndiyo inayotumika kusema kama ushirika umefanya kazi au umelala. Inavutia kwa sababu ni namba moja tu, mtu anaitaja kwa pumzi moja. Ila nyumba ya mkulima haiendeshwi kwa bei ya Oktoba. Inaendeshwa kwa kilichomo mfukoni kati ya Februari na Julai, wakati fedha za msimu uliopita zimekwisha, chakula kinahesabiwa kwa siku, madaftari ya watoto yanadaiwa, na mikorosho yenyewe inakaribia kuhitaji salfa. Kama kweli tunataka kujua chama cha ushirika kinamfanyia nini mkulima, tukichunguze katika miezi hiyo.

Tupige hesabu ya kaya moja ya kufikirika, ya kawaida kabisa kwa Newala, Tandahimba au Masasi. Ina ekari tatu za mikorosho. Mikorosho ikipandwa kwa nafasi inayoshauriwa, mita 12 kwa 12, ekari moja inabeba miti 28, kwa hiyo kaya yetu ina miti 84. Miti iliyotelekezwa, tuseme, inatoa kilo tano kila mmoja: jumla kilo 420. Ikipogolewa, ikapaliliwa na kupuliziwa dawa kwa wakati, tuseme inafika kilo kumi: jumla kilo 840. Bei ya mnada tuiweke shilingi 3,000 kwa urahisi wa hesabu. Sasa mnada ukipandisha bei kwa shilingi 300, jambo ambalo lingeshangiliwa wilaya nzima, kaya ya miti iliyotelekezwa inapata nyongeza ya shilingi 126,000. Miti ikitunzwa bila bei kupanda hata senti, nyongeza ni shilingi 1,260,000. Hata ukitoa gharama za dawa na vibarua, pengo hilo bado ni kubwa mno. Kazi kubwa ya kuinua kipato inafanyika shambani, miezi kadhaa kabla ya karani hajasogelea mizani.

Adui wa mkorosho wa kusini anaitwa ubwiri unga. Ni ukungu mweupe unaoshambulia machipukizi na maua wakati wa baridi ya katikati ya mwaka. Ua likishapata unga huo, halizai. Dawa yake iliyozoeleka ni salfa ya unga, na utaratibu uliofundishwa kwa miaka mingi na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ni kupuliza mara kwa mara kuanzia maua yanapoanza, robo kilo hivi kwa mti kwa kila mzunguko, kwa mizunguko minne au mitano. Kwa mizunguko mitano, miti 84 inataka zaidi ya kilo mia moja, yaani mifuko minne ya kilo 25 na ziada kidogo. Kazi inafanyika alfajiri, kabla upepo haujaamka. Mtu anabeba mashine mgongoni, injini inanguruma, unga wa njano unapanda na kutanda juu ya matawi kama moshi, na anayepuliza amejifunga kitambaa puani maana macho na kifua vinawaka. Saa mbili asubuhi upepo ukianza, kazi imekwisha kwa siku hiyo.

Kuna jambo moja kuhusu ubwiri unga ambalo huwa halisemwi sana ushirika unapojadiliwa. Ugonjwa huu husafiri kwa hewa. Shamba la jirani lililotelekezwa ni kiwanda cha ukungu kinachopeleka bidhaa yake kwako bila malipo. Mkulima mwenye bidii aliyezungukwa na mapori ya mikorosho mizee anapuliza salfa na bado anavuna nusu. Kwa hiyo wakulima wa korosho wanahitajiana hata kama wasingekuwa na mnunuzi wa kushindana naye. Wanahitajiana kununua salfa kwa wingi, kukodi mashine, kufufua mashamba yaliyoachwa, na kubanana wenyewe kwa wenyewe ili kila mmoja apulize kwa wakati. Huo ni ushirika wa uzalishaji, na ndio uliopewa nafasi ndogo kuliko ule wa mizani na mnada.

Tatizo ni kwamba salfa inatakiwa katikati ya mwaka, fedha ya korosho inaingia kati ya Oktoba na Januari. Miezi hiyo ya katikati ina mwenyewe. Kusini wanamwita mtu wa kangomba.

Kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo, kwa bei ya chini, mara nyingi kwa vipimo vya kienyeji badala ya mizani, na mara nyingi kabla ya mavuno. Mnunuzi anafika nyumbani, tena kwa heshima zote. Anajua mtoto wa nani ameugua na nani anajenga. Tuseme anaacha shilingi 100,000 mwezi Aprili kwa ahadi ya kilo mia moja msimu ukifika. Korosho hizohizo kwenye mnada wa shilingi 3,000 ni shilingi 300,000 kabla ya makato. Hakuna benki inayoweza kutoza riba ya namna hiyo bila kufikishwa mahakamani, lakini hakuna benki iliyogonga mlango ule siku ile. Wahaya wa Kagera wana ndugu yake kwenye kahawa, wanamwita butura: kahawa inauzwa ingali ua mtini. Viongozi wa serikali, mmoja baada ya mwingine, wamekemea kangomba na butura kwa ukali, wengine wakatuma polisi. Vyote viwili bado vipo. Anayeviona kama uhalifu mtupu anasahau kwamba ni huduma ya mikopo, mbaya na ya kinyonyaji, lakini ya haraka, isiyodai fomu wala picha ndogo mbili.

Ushirika wenyewe ulizaliwa kumwondoa mtu wa aina hiyo. Huko Kilimanjaro, Wachagga waliokuwa wakilima kahawa huku walowezi wakinung'unika waliunda chama chao mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, na mwaka 1933, baada ya sheria ya ushirika ya 1932, kikazaliwa KNCU. Kanda ya Ziwa wakulima wa pamba walichoshwa na mizani ya wanunuzi wa kati iliyokuwa ikisoma inavyotaka. Wakasimamisha mizani yao, na hatimaye mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani. Vyama hivyo vilijenga maghala na vinu, vikasomesha watoto, na viongozi wengi wa siasa za uhuru walipitia humo. Moshi kikaanzishwa chuo cha ushirika mwaka 1963, ambacho leo ni chuo kikuu kamili.

Kisha Mei 1976 vyama vikuu vikafutwa. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kubuni. Ubadhirifu ulikuwepo, na wakulima wenyewe walikuwa wakilalamika. Lakini badala yake zilikuja mamlaka za mazao, kwa upande wa korosho ikiwa Mamlaka ya Korosho, CATA, ambazo ziliendeshwa kutoka juu na ambazo mkulima hakuwa na njia hata ya kuzizomea. Ongeza na kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa katika miaka ya sabini, ambako watu wengi wa kusini walijikuta wakiishi mbali na mikorosho yao. Mkorosho usiofikiwa kwa mguu haupaliliwi. Ongeza ubwiri unga, ambao ulienea sana katika miaka hiyohiyo, na bei ya mamlaka iliyokuwa haitii moyo. Mavuno ya taifa, yaliyokuwa zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74, yalianguka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya themanini. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, lakini vilirudi vikiwa ni vyombo vya serikali zaidi kuliko vya wanachama, na nadhani kivuli cha jambo hilo hakijaondoka mpaka leo. Mkulima wa kusini bado anasema "AMCOS wameleta", "AMCOS wamekata", kana kwamba AMCOS, chama chake cha msingi cha ushirika, ni ofisi ya watu wengine na si yeye mwenye hisa.

Miti ilifufuliwa na salfa, na soko huria la miaka ya tisini likaleta wanunuzi binafsi wengi. Wakulima walikumbuka upesi kwa nini babu zao walitaka ushirika. Ndipo mwaka 2007, kwa kutumia sheria ya stakabadhi za maghala iliyopitishwa 2005, mkoa wa Mtwara ukaanza mfumo wa stakabadhi ghalani kwa korosho, na baadaye ukasambaa katika mikoa mingine inayolima zao hilo.

Siku ya kupeleka mzigo ghalani ina ustadi wake. Korosho zimekaushwa juani siku kadhaa, zimechambuliwa: zilizoiva vizuri huku, zilizosinyaa au kushambuliwa na wadudu kule. Mkono uliozoea unachota viganja viwili na kutikisa karibu na sikio. Korosho kavu ina mlio wake. Gunia linapanda mizani, karani anaandika, na hapo ndipo macho ya kila mtu yanapotulia, kwa sababu kilo moja ikipunjwa kwenye kila gunia la kijiji kizima ni mzigo wa kutajirisha mtu. Mkulima anapewa risiti. Mzigo unakwenda ghala kuu, unapimwa ubora, unaingia kwenye orodha ya mnada chini ya jina la chama, na mnunuzi aliyeko India au Vietnam, kupitia kampuni yake ya hapa, anakuta tani mia kadhaa zikiwa mahali pamoja. Ukubwa huo wa mzigo ndio unaoleta bei. Hakuna meli inayotia nanga Mtwara kwa ajili ya magunia manne.

Wazo la awali la stakabadhi ghalani lilikuwa pana zaidi. Mkulima angeweka mali ghalani, achukue stakabadhi yake, aende nayo benki akope kidogo kwa mahitaji ya haraka, na angoje bei ipande ndipo auze kwa hiari yake. Uhuru wa kungoja ndio uliokuwa kiini. Kilichofika vijijini ni kitu kingine: mzigo wa wote unauzwa pamoja katika minada iliyopangwa, na mkulima mmojammoja hana uamuzi wa lini auze. Stakabadhi ameshika, lakini benki anakwenda kuchukua malipo yake yakifika, si kukopa. Tusidharau faida iliyopatikana. Bei imekuwa ya wazi na mnunuzi wa kati amebanwa. Lakini mkulima amebadilishiwa namna ya kungoja tu. Zamani aliuza leo kwa bei mbaya. Sasa anauza kwa bei nzuri kwa tarehe ya mtu mwingine.

Miaka ya mwanzo walijaribu kulitatua hilo kwa malipo ya awamu. Chama kilikopa benki, kikamlipa mkulima sehemu kubwa ya bei dira, yaani bei elekezi ya msimu, papo hapo mzigo unapopokelewa, kisha awamu ya pili baada ya mnada. Mnada ulipoenda vizuri, mambo yalikuwa shwari. Bei zilipoanguka, chama kilijikuta kimeshalipa fedha ya mkopo, riba inapanda, na hakuna cha kuwapa watu kwenye awamu ya pili. Aprili 2013 huko Liwale, malipo yaliyofika yakiwa pungufu ya yaliyotarajiwa, watu walichoma nyumba za viongozi. Baadaye utaratibu wa awamu ukaachwa. Sasa mkulima analipwa mara moja, baada ya mnada, kupitia akaunti. Deni la chama limepungua. Mzigo wa kungoja umerudi mabegani mwa kaya.

Kisha ikaja 2018, ambayo kila mtu wa kusini ana simulizi yake. Msimu uliotangulia bei ilikuwa imepita shilingi 4,000 kwa kilo, vijiji vikajaa mabati mapya na pikipiki. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja na bei za shilingi 1,900 hadi 2,700 hivi, wakulima wakagoma. Novemba Rais John Magufuli aliwaondoa mawaziri wawili na kutangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, jeshi likabeba mzigo. Kwa bei, ulikuwa ushindi. Kwa kaya, ilitegemea. Ulifanyika uhakiki wa kusaka watu wa kangomba, wenye zaidi ya kilo 1,500 wakatakiwa kuonyesha mashamba yao, na malipo ya wengi yakavuka mwaka yakaingia 2019. Shilingi 3,300 uliyoahidiwa Novemba na kulipwa miezi mingi baadaye haiwezi kununua palizi ya Januari. Hakuna takwimu za mnada zinazoonyesha shamba lililokosa kupogolewa kwa sababu fedha ilikuwa njiani.

Katika mwaka huohuo wa 2018 kulikuwa na ugomvi mwingine uliosahaulika kidogo. Korosho ghafi inayosafirishwa nje inatozwa ushuru wa asilimia 15 ya bei yake bandarini au dola 160 kwa tani, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo. Sehemu kubwa ya fedha hiyo, asilimia 65, ilikuwa ikirudi kuendeleza zao: miche, utafiti, pembejeo. Sheria ya fedha ya mwaka huo ikaielekeza yote mfuko mkuu wa serikali, wabunge wa kusini wakapiga kelele sana bungeni. Walikuwa na hoja. Fedha ile ilikuwa njia pekee ya Oktoba kuifadhili Juni. Katika misimu ya karibuni serikali imerudi kugawa salfa na viuatilifu vingine kwa ruzuku kwa wakulima waliosajiliwa, na mavuno yameitikia: msimu wa 2024/25 yalipita tani 500,000, kiasi ambacho nchi haikuwa imewahi kukifikia. Hapo AMCOS zimekuwa na kazi ya maana, maana orodha za wanaostahili na mifuko yenyewe hupitia kijijini. Malalamiko yaliyobaki ni ya kalenda. Salfa inayofika maua yakishanyauka ni unga tu.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Ethiopia, utafiti uliochapishwa 2008 na Tanguy Bernard, Alemayehu Seyoum Taffesse na Eleni Gabre-Madhin ulilinganisha wakulima wa nafaka walio katika vyama na wanaofanana nao wasio na vyama. Wanachama walipata bei bora kwa asilimia saba hadi tisa hivi. Lakini kwa wastani hawakuuza sehemu kubwa zaidi ya mavuno yao. Wenye mashamba makubwa kidogo waliuza zaidi, na wenye mashamba madogo kabisa waliuza pungufu, wakabakiza chakula nyumbani. Sioni hapo dosari ya ushirika. Mtu mwenye njaa akipata bei nzuri anauza kidogo na kula zaidi, na huo nao ni ustawi ingawa hauingii kwenye hesabu za soko. Rwanda nako Ellen Verhofstadt na Miet Maertens walikuta kwamba uanachama unaongeza kipato na kupunguza umaskini, ila wenye ardhi kubwa zaidi ndio waliofaidi zaidi. Kwa lugha ya Tandahimba: mwenye miti mia tatu anaweza kukaa na mzigo nyumbani akingoja mnada wa nne, mwenye miti themanini amekwisha uza wa kwanza, na sehemu ya mzigo wake aliiuza Aprili.

Na ndani ya nyumba yenyewe kuna nani anayengoja? Uokotaji wa korosho ni kazi ya mgongo uliopinda. Bibo linaanguka chini, korosho inanyofolewa, inawekwa kwenye ndoo, hatua mbili mbele, inama tena. Wanawake na watoto ndio wengi katika kazi hiyo. Jina lililo kwenye daftari la chama na kwenye akaunti ya benki, mara nyingi, ni la baba. Zamani korosho zilipouzwa kidogokidogo kwa mnunuzi wa mlangoni, mama aliweza kuchota kilo mbili tatu akapata chumvi na sabuni. Ilikuwa bei ya dhuluma, lakini fedha ilipita mkononi mwake. Sasa mzigo wote unakwenda ghalani kwa jina moja na fedha yote inashuka kwenye simu moja au kadi moja, siku moja. Elisabeth Fischer na Matin Qaim walilikuta jambo la namna hiyo kwa wakulima wa ndizi wa Kenya: kuuza kwa pamoja kulipandisha kipato cha wanachama waliohudhuria na kushiriki, na papo hapo udhibiti wa fedha ya ndizi, zao lililokuwa la wanawake, ukaegemea upande wa wanaume. Siku malipo ya korosho yanapoingia, miji midogo ya kusini inachangamka usiku kucha. Sitaki kuwasema watu wanavyostarehe kwa jasho lao. Ila jasho lile ni la wangapi, na kadi ni ya nani?

Hakuna sheria inayomkataza mke kuwa mwanachama wa AMCOS kwa jina lake. Kinachomzuia ni kwamba uanachama unafuata shamba, na shamba linafuata mume. Vyama vinavyotaka kubadilisha hilo vina nyenzo za kawaida kabisa: kuandika majina mawili kwenye daftari, kugawa malipo kwenye akaunti mbili kwa makubaliano ya wenyewe. Si mambo ya kungoja wafadhili.

Ukitaka kuona ushirika usiowaweka watu wakingoja, tazama maziwa. Githunguri, katika kaunti ya Kiambu nchini Kenya, wafugaji walianzisha chama chao mwaka 1961 na leo wana kiwanda chao wenyewe, maziwa yao yanajulikana madukani kwa jina la Fresha. Ng'ombe anakamuliwa kila siku, maziwa yanapelekwa kituoni kila siku, malipo ni kila mwezi. Katikati ya mwezi mfugaji akiishiwa chakula cha ng'ombe, anakwenda duka la chama, anachukua kwa mkopo, fedha inakatwa mwisho wa mwezi kwenye maziwa aliyopeleka. Chama kinajua hatatoroka kwa sababu kesho asubuhi ataleta debe lake. Ng'ombe analishwa vizuri, maziwa yanaongezeka, chama kinakusanya zaidi. Tija na soko vimefungwa kwenye kamba moja. Mkorosho hauwezi kukamuliwa kila asubuhi, hilo halibadiliki. Lakini sehemu ya pili ya mpango huo, ya chama kutoa pembejeo kwanza na kukata baadaye, inawezekana kabisa kwa zao la msimu, na vyama vya zamani vya kahawa na pamba viliwahi kuifanya. Iliharibika pale mkulima alipochukua pembejeo kwa chama na kuuza mazao kwa kangomba, au chama kilipomkata kwa mbolea ambayo hakuipokea. Yote mawili yametokea mara nyingi kiasi kwamba kila upande una haki ya kumtilia shaka mwenzake.

Kwa hiyo mimi nitaitazama kwa makini Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025, ikijengwa juu ya benki mbili ndogo zilizokuwepo, moja ikiwa ya Kilimanjaro na nyingine ya Tandahimba. Hotuba za uzinduzi zilikuwa na mambo makubwa ya mitaji na viwanda. Viwanda tunavihitaji, sehemu kubwa ya korosho yetu bado inasafirishwa ghafi ikabanguliwe na wengine. Lakini kaya ya miti 84 haihitaji kiwanda mwezi Machi. Inahitaji labda shilingi 200,000, kwa dhamana ya mikorosho ambayo chama kinaijua na mzigo ambao chama ndicho kitakachoupokea. Kumbukumbu zipo: kilo alizouza msimu uliopita na ule wa kabla yake ziko kwenye mfumo wa kielektroniki, hazihitaji picha ndogo mbili wala barua ya mtendaji. Kama benki hiyo, pamoja na vyama vikuu kama TANECU na MAMCU, haitaweza kukopesha kiasi kidogo namna hiyo kwa riba ya kibinadamu na kwa muda wa siku chache, basi mnada uwe wa sanduku au wa skrini, sehemu ya mzigo wa kijiji itakuwa imeshauzwa kabla mti haujatoa ua.

Na kuna kitu ambacho hakihitaji benki. Kila mwaka AMCOS hufanya mkutano mkuu unaopitisha makisio ya mapato na matumizi na kuweka ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa. Ajenda hiyo huja mwishoni, watu wameshachoka, wengine wametoka nje kivulini, na hupita kwa mikono michache iliyonyooshwa nusu. Pale ndipo penye uamuzi wa kama chama kitakopa kwa ajili ya salfa au kwa ajili ya posho za safari za bodi. Mwanachama aliyebaki kwenye kiti ana haki ya kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili, na jibu linatakiwa liandikwe kwenye muhtasari.